Mbwa aliyefichwa watu ili awe mkali: kisa cha Simba wa Goba

Nyumba yenyewe iko Goba, Dar es Salaam. Fensi ya matofali, geti la chuma, simtanki nyuma karibu na jiko la nje, na pembeni ya simtanki banda la mbwa la mabanzi. Wanaoishi humo ni baba, mama, watoto wawili wa shule ya msingi na dada wa kazi. Mlinzi huingia jioni na kuondoka asubuhi. Mbwa ni dume, chotara wa German Shepherd na mbwa wa kienyeji. Jina lake Simba, na mtaa ule una Simba wengine wawili, kwa hiyo ukiita kwa sauti mageti matatu yanakujibu.

Kazi yangu ni kufundisha mbwa, na niliitwa akiwa na umri wa wiki 15 hivi. Alikuwa amemng'ata mtoto wa kiume wa miaka 7 mkononi, mtoto alipoinama kuondoa bakuli ambalo bado lilikuwa na ugali. Mama alishaamua mbwa aondoke. Baba alikuwa njia panda: alitaka mbwa mkali, na sasa anaanza kumpata, ila meno yameanzia kwa mtu asiyestahili. Watoto, pamoja na yule mwenye bandeji, walikuwa upande wa mbwa.

Jeraha kwanza

Mbwa asiyechanjwa akimng'ata mtu, mafunzo yanasubiri mpaka suala la kichaa cha mbwa lishughulikiwe. Ugonjwa huo ukishaonyesha dalili kwa binadamu hauna tiba, na karibu wote wanaoupata duniani, 99 kati ya 100, wanaupata kwa mbwa. Dada wa kazi ndiye aliyefanya jambo la maana kuliko wote siku ile. Alimshika mtoto mkono, akauweka chini ya bomba na kuusugua kwa sabuni muda mrefu, huku mama akihangaika kutafuta funguo za gari. Kinachopendekezwa ni dakika 15. Hospitalini mtoto akaanzishiwa sindano za chanjo.

Simba alikuwa hajachanjwa kichaa. Chanjo hiyo kwa kawaida hutolewa mbwa anapotimiza miezi 3, na tarehe yake ilikuwa imepita bila mtu kukumbuka. Daktari wa mifugo akaagiza afungiwe na kuangaliwa kwa siku 10, asichanjwe kwanza, ili akianza kuumwa isije ikadhaniwa ni homa ya sindano. Mbwa ambaye mate yake yana virusi vya kichaa siku anapong'ata, ndani ya muda huo atakuwa ameugua waziwazi au amekufa. Siku ya kumi Simba alikuwa anakula na kubweka kama kawaida. Akapigwa chanjo, na hospitali ya mtoto ikaarifiwa.

Siku hizo sikumfundisha mbwa chochote. Nilikuwa nauliza maswali.

Alivyofika na alivyolelewa

Alinunuliwa barabarani kwa kijana aliyekuwa na watoto wa mbwa watano ndani ya boksi. Muuzaji alisema wana miezi miwili. Daktari alipomfungua mdomo siku chache baadaye alikuta meno ya nyuma ya utotoni ndiyo kwanza yanachomoza, akakisia wiki 6. Maana yake Simba aliondolewa kwa mama yake akiwa na wiki 5 au pungufu.

Wiki zile zilizopotea hazikuwa za kunyonya tu. Kuanzia wiki ya 5 hadi ya 8 watoto wa mbwa hushinda wakiumana kwa mchezo. Anayezidisha hupigiwa kelele na mwenzake na mchezo unakatika. Akimuumiza mama, mama humkaripia au huinuka na kumwacha. Hapo ndipo mbwa hujifunza kupima nguvu ya taya lake. Mwaka 2011 watafiti wa Italia walichapisha ulinganisho wa mbwa waliotenganishwa na mama yao kati ya siku ya 30 na ya 40 na wale waliotenganishwa miezi miwili ilipotimia. Kundi la kwanza lilizidi kwa uoga, kubweka kupita kiasi, kulinda chakula na vitu vya kuchezea, na kuharibu vitu. Simba alikuwa navyo karibu vyote.

Ikaja chanjo. Daktari alimpiga ya kwanza ya parvo na distemper, magonjwa mawili ya virusi ya mbwa, akaandika tarehe za marudio kwenye kadi, akasema maneno ambayo madaktari wengi wa mifugo huyasema: "Asitoke nje mpaka amalize." Maneno hayo yana sababu. Parvo huua mbwa wachanga kwa kutapika na kuhara damu ndani ya siku chache, na virusi vyake hukaa kwenye udongo miezi mingi baada ya mbwa mgonjwa kupita hapo. Lakini familia iliyasikia kwa namna yake: asitoke bandani.

Baba aliyapenda hivyo hivyo, kwa kuwa yalilingana na imani yake, ambayo naikuta katika nyumba nyingi za jiji hili. Alinieleza: "Mwalimu, huyu akinizoea mimi, akamzoea mama, akamzoea muuza maji na fundi, si siku moja atawapokea na wezi?" Basi mchana Simba alikaa bandani au kwenye mnyororo wa kama mita moja na nusu. Wageni walikatazwa kumsogelea. Chakula alipewa mara moja kwa siku, usiku, na mlinzi peke yake: ugali na dagaa.

Mwanzoni kulikuwa na kipindi kifupi cha huruma. Alilia usiku, watoto wakalia naye, mama akakubali alale jikoni. Akakojoa jikoni. Dada wa kazi, aliyeachiwa kudeki bila kuulizwa, alifanya alichoona kikifanywa kwao: akamsugua pua kwenye mkojo na kumchapa kandambili. Baba aliunga mkono kwa methali, samaki mkunje angali mbichi. Haukupita muda, hapakuwa tena na mkojo katikati ya jiko. Wote walidhani somo limeingia, mpaka siku mtungi wa gesi ulipoisha na ukasogezwa.

Nilichokiona

Simba aliyefunguliwa mnyororo mbele yangu hakuwa mbwa mkali. Aliponiona alirudi nyuma mpaka akagusa simtanki, mkia tumboni, masikio yamelala, akabweka kwa sauti nyembamba bila kusogea mbele hata hatua moja. Mbwa anayetaka kukufukuza hukujia. Niliketi chini nikampa ubavu, nikawa natupa vipande vya maini ya kuchemsha upande wake, na ilichukua sehemu kubwa ya asubuhi kabla hajathubutu kula kipande kilichoanguka karibu na mguu wangu.

Baba alitokea mlangoni, akamwendea moja kwa moja, akamwinamia na kumwita kwa sauti nzito. Simba akajilaza chali na kukojoa palepale. "Unaona jeuri hiyo?" baba aliniuliza. Mlinzi aliposhika fagio, mbwa alikimbilia bandani. Mwanamke aliyepita nje na ndoo kichwani, akionekana kwenye upenyo wa geti, alibwekewa mpaka akapotea. Watoto walipotoka shule na kuanza kukimbizana uani, alinasa soksi ya msichana kisiginoni akaning'inia.

Familia ilikuwa imeyatia yote hayo kwenye kapu moja, ukorofi, pamoja na mkono ulioumwa. Kila moja lina chanzo chake, na dawa ya moja huharibu jingine.

Meno

Soksi ni mchezo. Mbwa wa miezi mitatu na nusu aliyefungwa tangu asubuhi anafunguliwa saa kumi jioni, saa ileile watoto wanapopiga kelele na kukimbia. Kitu kinachokimbia hukimbizwa. Msichana akipiga yowe na kuvuta mguu, mchezo unakuwa mtamu zaidi. Hakuna hasira hapo.

Kandambili zilizotafunwa ni ufizi. Mbwa huwa na meno 28 ya utotoni. Huanza kung'oka akiwa na miezi mitatu hadi minne, na akifika miezi sita au saba anakuwa na meno 42 ya ukubwani. Katikati ya kipindi hicho atatafuna chochote kilicho laini kikakaza kidogo, na kandambili ya mpira ndiyo hiyo. Dada wa kazi aliamini mbwa analipiza kisasi kwa kitu anachochapwa nacho. Nilimwelewa, ila mbwa alikuwa anawashwa tu.

Bakuli ni jambo zito, na ndilo nililolitafutia muda. Simba alitoka kwenye boksi la watoto wa mbwa waliokuwa wakigombea chakula. Alipofika nyumbani alikula mara moja kwa siku, wakati mbwa wa umri wake anahitaji milo mitatu. Juu ya hayo, kuna mtu alimshauri mama kwamba mbwa azoeshwe kunyang'anywa chakula akiwa mdogo, asije akawa mchoyo. Watoto wakapewa kazi hiyo: kila akila, mmoja anachukua bakuli, anahesabu, anarudisha. Ushauri huu umeenea sana na nauchukia. Anachojifunza mbwa hapo ni kwamba mkono wa mtoto ukikaribia, chakula kinaondoka. Kila unaponyang'anya unamthibitishia.

Nilipouliza kama aliwahi kuunguruma kabla ya siku ile, mlinzi alisema ndiyo, kwa muda mrefu tu. Na alipounguruma alifanywa nini? Alichapwa. Kuunguruma ni onyo, namna ya mbwa ya kusema usogee, sitaki tufike mbali. Mbwa anayechapwa kwa kuonya anaacha kuonya, lakini sababu ya kuonya iko palepale. Ndiyo maana kila mtu katika nyumba ile alisema amemng'ata "ghafla".

Mkojo wa aina mbili

Mkojo wa nyuma ya mtungi wa gesi ulikuwa wa mbwa ambaye hajafundishwa choo ila amefundishwa kujificha. Adhabu inayokuja baada ya kitendo haimwonyeshi pa kukojolea. Inamwonyesha kwamba mtu akiwepo, kukojoa ni hatari. Matokeo yake ni mabaya kuliko mwanzo, kwa sababu mbwa wa aina hiyo ukimtoa nje na kusimama naye hakojoi. Anasubiri arudi ndani, upite zako.

Mkojo wa mbele ya baba ni salamu ya unyonge. Ndivyo mbwa mchanga anavyojishusha mbele ya mkubwa anayemtisha, na hawezi kuuzuia kwa hiari yake. Ukimfokea anajishusha zaidi, yaani anakojoa zaidi. Baba alikuwa anaadhibu heshima kwa kuidhania jeuri.

Wiki ambazo hazirudi

Mwaka 1961 Daniel Freedman, John King na Orville Elliot walichapisha katika jarida la Science jaribio lililofanyika Bar Harbor, jimbo la Maine, Marekani. Watoto wa mbwa walilelewa na mama zao katika uwanja uliozungushiwa uzio mrefu, bila kukutana na watu. Baadhi walitolewa wakiwa na wiki 2, wengine 3, 5, 7 na 9, wakakaa na watu kwa wiki moja kisha wakarudishwa. Kundi moja halikutolewa kabisa mpaka wiki ya 14. Hao wa mwisho waliwakwepa binadamu kama wanyama wa porini, na juhudi za kuwazoesha baadaye hazikuleta mengi.

Simba hakuwa porini. Alimwona mlinzi kila usiku. Lakini kati ya wiki ya 6 na ya 14, kipindi ambacho ubongo wa mbwa hupokea kitu kipya kwa udadisi zaidi kuliko kwa hofu, alimjua vizuri mtu mmoja, banda moja na ukuta mmoja. Kofia, miavuli, pikipiki, watu wenye mizigo kichwani, watoto wadogo, mafundi wenye ngazi: vyote hivyo alikutana navyo akiwa tayari amevuka upande wa hofu.

Je, daktari alikosea kusema asitoke? Maneno yake yalihitaji nyongeza tu. Mwaka 2008 chama cha madaktari wa tabia za wanyama cha Marekani, AVSAB, kilitoa tamko kwamba mbwa mchanga anaweza kuanza kukutanishwa na watu na mbwa wenzake salama siku 7 baada ya chanjo ya kwanza, bila kusubiri amalize zote. Katika tamko hilo kinaeleza kwamba matatizo ya tabia huua mbwa wengi wa chini ya miaka 3 kuliko maradhi ya kuambukiza. Sababu ni kwamba mbwa mwenye tabia mbaya hutolewa, na wengi wanaotolewa huishia kuuawa. Kwa Goba ilikuwa rahisi: abebwe mikononi, asikanyage chini. Akae mapajani mwa mama getini jioni na kuangalia watu wanaotoka kazini. Apandishwe bajaji. Mgeni akija, avue viatu alivyotembelea barabarani, aketi, atupe kipande cha nyama. Uani, penye wasiwasi, sakafu ipigwe jiki iliyochanganywa na maji, sehemu 1 kwa 30, ikae dakika 10 kabla ya kuoshwa. Gharama yake karibu hakuna.

Tulivyoanza

Nilianza na mnyororo, na hapo mimi na baba tulivutana. Sikumwambia habari za huruma. Nilimuuliza mlinzi, mbele yake, huamka mara ngapi usiku Simba akibweka. Mlinzi akacheka, akasema siku hizi haamki, kwa sababu mbwa anabwekea kila kitu: paka, popo, bodaboda. Mbwa wa ulinzi anayeogopa kila kiumbe hana habari ya kukupa. Anayewajua watu wa kawaida wa mtaa ndiye anayeshtuka anapoona asiye wa kawaida. Baba hakukubali siku hiyo, alikubali "tujaribu". Mnyororo ukabaki kwa saa ambazo mafundi wapo.

Milo ikawa mitatu. Kwa siku za mwanzo bakuli liliondolewa kabisa na Simba akalishwa kwa mkono, tonge kwa tonge, na mama, baba na dada kwa zamu. Watoto hawakuhusishwa. Bakuli liliporudi, sheria ilikuwa moja: hakuna anayeligusa mbwa akila. Mtu mzima anapita mbali kidogo, anatupia ini au dagaa waliooshwa chumvi, anaendelea na safari yake bila kusimama. Kidogo kidogo anapita karibu zaidi. Mbwa anaanza kuinua kichwa kwa kutazamia badala ya kukaza shingo. Shingo ndiyo ya kuangalia: akiacha kutafuna na kuganda, umesogea mno, rudi nyuma.

Choo kilimpata mwalimu ambaye sikumtegemea. Mbwa wa miezi mitatu na nusu anaweza kujizuia saa nne hivi (kadirio linalotumika ni umri wake kwa miezi, ongeza moja), kwa hiyo usiku lazima atolewe. Nyumba nyingi hushindwa hapo, maana nani ataamka? Nyumba hii ina mtu anayelipwa akeshe. Simba akahamishiwa stoo ya nje ya jiko, na mlinzi akawa anamtoa saa sita usiku na tena adhana ya alfajiri inapolia, mahali palepale penye mchanga pembeni ya ukuta. Akimaliza tu, kabla hajainua kichwa, anaambiwa "Safi!" na kupewa kipande. Mchana ilikuwa baada ya kuamka, baada ya kula na baada ya mchezo. Dada wa kazi alikabidhiwa siki na maji ya kufutia penye makosa, kwa sababu harufu ya mkojo ikibaki hapo ndipo atakaporudi. Jiki tuliiweka mbali na mkojo, maana vikikutana hutoa hewa inayochoma kifua.

Neno lile "Safi" lilibeba kazi kubwa kuliko nyama. Mbwa huunganisha kitendo na kilichofuata papo hapo. Ukichelewa hadi ufungue mfuko, unamlipa kwa kitu kingine. Wanaotaka mfano wa karibu waangalie Morogoro. Panya buku wa shirika la APOPO pale Chuo Kikuu cha Sokoine, wanaonusa mabomu ya kutegwa ardhini na vimelea vya kifua kikuu kwenye makohozi, hufundishwa kwa mlio mfupi unaofuatwa na chakula. Mmoja wao, Magawa, alipewa medali ya dhahabu ya PDSA, shirika la hisani la wanyama la Uingereza, mwaka 2020 kwa kazi yake Kambodia. Panya hachapwi kandambili, na kazi anayofanya haina nafasi ya kukosea.

Amri tulipunguza zikabaki kaa, njoo na acha, zikaandikwa kwenye karatasi na kubandikwa friji. Kabla ya hapo baba alisema "sit", mama "kaa", dada "tulia", na mlinzi alipiga mluzi.

Baba mwenyewe alipewa zoezi gumu kuliko yote: akirudi kazini, asimwangalie mbwa usoni, asimwinamie, apite, achuchumae ubavu uani, asubiri afuatwe. Mtu mzima mwenye suti kuchuchumaa nyuma ya nyumba yake akimsubiri mbwa si jambo dogo, na watoto walichungulia dirishani. Alifanya.

Watoto walifundishwa kusimama kama mti mbwa anaponasa nguo, mikono kifuani, kimya, kisha mtu mzima anamtupia Simba kamba nene iliyofungwa mafundo. Jioni, kabla watoto hawajarudi kutoka shule, Simba alifanyishwa kazi kwanza: kutafuta vipande vya chakula vilivyotawanywa kwenye majani. Mbwa aliyetumia pua kwa nusu saa hana haja kubwa ya soksi.

Geti na jirani

Mwezi mmoja kabla sijaitwa Simba alichomoka getini na kumrukia jirani aliyekuwa anaelekea msikitini kwa swala ya Magharibi. Kwa madhehebu ya Shafii, ambayo wengi wa Waislamu wa pwani yetu wanayafuata, mate ya mbwa ni najisi. Kilichoguswa nayo huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Mzee wa watu ana udhu, ana kanzu nyeupe, na mbwa mwenye ulimi nje ameweka miguu miwili juu yake. Familia, ambayo ni ya Kikristo, ilicheka na kusema "hang'ati huyo". Tangu siku hiyo salamu zilikuwa za shingo upande.

Watu wengi hudhani kurukia ni kosa dogo la mbwa mchangamfu. Katika mitaa yetu si dogo. Nilishauri mama aende mwenyewe kwa jirani kabla ya somo lolote la mbwa, naye akaenda. Kwa Simba sheria ikawa kwamba hakuna salamu mpaka miguu minne iko chini: akiruka, mtu anageuka mgongo, akishuka, anasalimiwa. Geti halifunguliwi mbwa akiwa huru.

Na kulikuwa na jambo nililolisisitiza, kwa sababu nililiona linakuja. Familia ilipoelewa umuhimu wa kumzoesha Simba watu, shauku ilizidi. Mama akapendekeza watoto wa jirani waletwe wampapase. Hapana. Kumzoesha mbwa watu hakuhitaji watu wamguse. Inatosha awaone kutoka umbali ambao hajaanza kuogopa, ale ini, waende zao. Jirani hajaajiriwa kufundisha mbwa wako. Chanjo za mwisho zilipokamilika, akawa anatoka na kamba jioni, upande wa pili wa barabara, akiangalia mama ntilie, bodaboda na wabeba ndoo kwa mbali, na kila anayepita alimaanisha kipande kimoja.

Alipofika

Nimemwona tena akiwa na miezi 8. Suala la mkojo wa ndani liliisha mapema, ndani ya mwezi wa kwanza, na ule wa mbele ya baba ulikoma polepole zaidi. Meno ya ukubwani yametimia na kandambili zinaishi. Watu wazima wote wanapita karibu na bakuli bila shida. Watoto bado hawaruhusiwi, na nilisema ibaki hivyo maisha yake yote, kwa sababu mbwa aliyewahi kung'ata mtoto juu ya chakula hapimwi tena kwa mkono wa mtoto ili kuona kama amepona.

Hofu ndiyo iliyobaki. Watu aliokutana nao kuanzia mwezi wa nne na kuendelea, mmoja mmoja, anawakubali. Mtu mpya mwenye kofia pana au mzigo kichwani bado humrudisha nyuma mpaka kwenye simtanki, na hubweka, ingawa akiitwa anakuja na kunyamaza. Sitegemei kuisha kabisa. Anaweza kujifunza bado, ila kila aina ya mtu ni somo jipya la wiki kadhaa, wakati akiwa na wiki 8 ingetosha kumpeleka sokoni ndani ya kikapu.

Kuhusu ulinzi, hajakamata mwizi yeyote na sina hadithi ya namna hiyo. Mlinzi anasema sasa akibweka usiku, anainuka kwenda kuangalia.

Baba anataka mbwa wa pili amsaidie Simba, na namba ya muuzaji yuleyule bado anayo kwenye simu. Nilimwambia asubiri Simba avuke mwaka mmoja na nusu, asilete hofu nyingine ya kujifunzia, na atakayekuja awe na wiki 8 kamili, aonwe akiwa pamoja na mama yake mahali alipozaliwa, awe na kadi yenye stika za chanjo. Amekubali wiki 8 na kadi. Kuhusu kusubiri bado anapiga hesabu. Mama ameongeza sharti lake: safari hii atakayemleta mbwa ndiye atakayedeki.